Wapi Liwekwe Jiwe la Tveitane

“Maiti haoi, shangazi!”

Oddvar aliipiga meza yangu mpaka donge la sukari likaruka kisahanini. Nililiokota, nikalitia mdomoni, nikaliteremsha kwa kahawa.

“Inategemea maiti gani,” nikasema. “Bonde la pili kulikuwa na mmoja, kazikwa Jumatatu, Ijumaa kaonekana mnadani akibishania bei ya farasi.”

“Acha utani, shangazi Torbjørg. Leo uache.”

Nikaacha, kwa sababu sauti yake ilikwama katikati, kama ilivyokwama siku tulipomzika mkewe. Mbele yetu alikuwa ametandaza nakala ya ukurasa wa kitabu cha kanisa. Alikuwa ameuendea jana, mwendo wa saa tatu kwa basi, ahakikishe tarehe moja tu kabla ya Jumamosi. Padri wa zamani aliandika kwa mwandiko uliopinda kama mizizi: Tarjei, mtoto wa mwenye shamba la Tveitane, umri miaka kumi na tisa, kazama mtoni akisukuma magogo, mwaka 1888.

“Baba yako alibatizwa 1890,” Oddvar akasema. “Baba yake ni Tarjei Tveitane. Sasa nieleze. Alizaa kutoka chini ya maji?”

Huyu Oddvar ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Amepeleka barua miaka thelathini na saba katika milima yetu. Wakati wa theluji alizipeleka kwa kiti cha kuteleza, kile chenye vyuma viwili chini, na mimi husema kwamba mwaka mmoja theluji ilikuwa nene hata akawa anatumbukiza barua kwenye mabomba ya moshi. Hilo la mabomba ni langu. Lakini ni kweli kwamba alimjua kila mtu kwa mlio wa kifuniko cha sanduku lake la barua, na kwamba hakupoteza hata kadi moja ya Krismasi.

Kisha Aslaug, mkewe, akafa, mwezi wa Novemba. Oddvar akalala. Hakunyoa ndevu, hakuwasha jiko. Nilipoingia kwake baada ya wiki tatu nilikuta mkate umeota ukungu wa kijani, naye anatazama ukutani kama mtu anayesubiri aitwe. Sikujua la kumwambia mtu wa namna hiyo. Nikamwambia, “Amka. Umewapelekea watu barua maisha yako yote na hujui wewe mwenyewe umetoka wapi. Nenda kawatafute watu wetu.”

Akaamka. Miaka kumi na mmoja sasa. Alijifunza kusoma mwandiko wa mapadri waliokufa. Aliandika barua mpaka Amerika. Aligeuza karatasi ya kupamba ukuta, ile iliyobaki sebuleni kwa Aslaug, akachora ukoo upande wa nyuma, majina mia nne na kumi na mawili, kuanzia mwaka 1640, wote watu wa Tveitane. Jumamosi hii watu mia moja na sitini wanakuja kutoka kila upande, na jiwe limeshachongwa lisimamishwe mbele ya ngazi za nyumba kubwa ya Tveitane: Hapa ndipo tulipotoka.

“Ulikuwa unajua?” akaniuliza.

“Nilikuwa najua.”

“Tangu lini?”

“Tangu nilipoitunga.”

Alinitazama. Nimeshawahi kutazamwa vibaya, nimeolewa mara mbili, lakini macho yale yalinishinda.

Hadithi yenyewe niliwapa Oddvar na watoto wenzake wakiwa wadogo, tukimenya viazi. Niliwaambia babu yangu Tarjei alikuwa mrithi wa nyumba kubwa, akampenda msichana asiye na viatu, baba yake akamwambia chagua, naye akashuka zile ngazi akiwa na saa ya dhahabu mfukoni, akaibadilisha na kibanda kule juu msituni. Watoto wengine walicheka. Oddvar alilia. Alikuwa na miaka sita.

Ukweli hauna saa. Babu yangu alizaliwa shamba la Myra, akaitwa Tarjei Myra. Akahamia kufanya kazi Bakka, akaitwa Tarjei Bakka. Mwisho akapewa kibanda kwenye ardhi ya Tveitane, akalipa kwa siku za kukata nyasi za mwenye shamba, akaitwa Tarjei Tveitane. Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Jina lilikuwa la shamba. Ukihama uliliacha nyuma pamoja na jiko, atakayekuja alikute. Baadaye serikali ikasema kila nyumba ishike jina moja, basi. Babu likamkuta kibandani, likamgandia.

“Ulifuata jina,” nikamwambia Oddvar. “Ungemfuata mtu.”

“Ningejuaje? Tarjei wawili, shamba moja!”

“Mtu wa posta huamini anwani.”

“Nacheka?” akasema. “Unaniona nacheka? Miaka kumi na mmoja, shangazi! Nimehesabu makaburi ya watu wasio wangu. Nimeyapalilia! Yule bibi wa 1702 aliyekufa na mapacha wake, nimemwekea maua kila kiangazi. Na wewe unakaa hapo unamung'unya sukari, unasema ‘endelea mwanangu, endelea.’”

“Ungekufa.”

“Nini?”

“Ningekwambia mwaka ule, ungerudi kulala. Ungekufa, Oddvar. Nikasema atagundua mwakani, akishapata nguvu. Mwakani ukawa unaimba ukinyoa. Ningekunyang'anya vipi?”

Alianza kuikunja ile nakala, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama stempu.

“Nitawapigia simu wasije,” akasema.

“Watu wa Amerika wameshapanda ndege. Utawageuzia wapi, hewani?”

“Basi nitawaambia nini, mbele ya ngazi za watu?”

“Usiwasimamishe mbele ya ngazi za watu. Kibanda kipo. Mawe ya msingi yamo kule juu kwenye miti ya betula, na tanuri nusu. Nimezaliwa kando ya tanuri lile. Jiwe lako linasema uongo likikaa chini. Likikaa juu linasema kweli, na hakuna herufi ya kufuta.”

Niliona kidole chake kikitembea mezani, kama kinapanda kilima.

“Ardhi ile ni ya Gudveig,” akasema.

Hapo ndipo panapouma. Gudveig ndiye mwenye Tveitane sasa, mjane, hana mtoto. Oddvar alipomfikia na karatasi yake, yule mama alilia kwa kujua kwamba ana ndugu. Tangu hapo huitana binamu. Kila mkesha wa Krismasi Gudveig hukaa kwenye kiti cha Aslaug.

“Nitamwambia mimi,” nikasema. “Mwongo ni mimi.”

“Utaipamba hadithi. Utamwambia kwamba babu alikuwa askofu.”

“Sitaipamba.”

“Na akiuliza mimi ni nani kwake?”

Mara tukasikia viatu vikikung'utwa kizingitini. Gudveig habishi hodi, ndugu habishi hodi. Aliingia na sahani ya mkate mwembamba wa viazi, mashavu yamewiva kwa upepo.

“Binamu! Nimekutafuta kwako. Watu wa lori wako uani kwangu na jiwe, wanauliza waliweke wapi.”

Oddvar alisimama. Akavuta kiti.

“Kaa kwanza, Gudveig,” akasema. Hakusema binamu.