Siku dada yangu alipojibu kwa vikatuni vya kulia

Kusoma niliishia darasa la pili, lakini majina ya ukoo wetu nayajua yote, hata ya waliokufa wachanga. Kwa hiyo zamani kukitokea msiba nilikuwa nafuatwa mimi, niseme nani apelekewe habari na nani aende. Aliyetumwa hakuingia na kifo mdomoni. Aliomba maji, akakaa, akasema mgonjwa kazidiwa. Mengine ukayaelewa mwenyewe.

Kaka yangu alipofariki alfajiri, kule kwake Kihonda, hakuna aliyeniuliza jina. Mjukuu wangu wa kike alituma kwenye kundi la ukoo la simu, basi. Kufika saa tatu watu wamejaa uani, na maziko yamepangwa baada ya alasiri.

Nikauliza, "Dada yangu kaambiwa na nani?"

Dada ndiye mkubwa wetu. Analima karoti huko juu milimani, ambako barabara inakwisha na unapanda kwa miguu.

"Ameshajua, bibi. Huyu hapa kajibu: poleni sana. Kaweka na vikatuni viwili vinalia."

"Dada yangu hajui kuandika hata jina lake. Vikatuni kaanza lini?"

Mjukuu akapiga ile namba. Ikapokelewa na mjukuu wa dada.

"Shikamoo bibi. Simu ya bibi ninayo mimi huku Dumila, nauza mboga tangu juzi."

"Na habari umempelekea nani?"

"Mimi nilijua mmemtuma mtu!"

Kwetu wa tumbo moja hazikwi bila nduguze kumwona uso. Tukamtafuta kijana wa bodaboda, mgeni kabisa, nikamwelekeza njia na nikamsihi: ukifika omba maji kwanza.

Adhuhuri ikapita. Mawingu yakashuka mlimani, nikawaza lile tope na miguu ya dada. Shemeji yake marehemu, aliyesimamia maziko, akaja mara mbili.

"Mama, maiti haisubiri mvua."

"Itamsubiri dada yake."

"Na asipofika?"

Nilikaa mlangoni pa chumba alicholazwa kaka, anayetaka kumtoa anivuke mimi kwanza. Wenye simu walikuwa bado wanapokea pole, zinalia ti, ti, ti, nami kila mlio nashtuka.

Wanaume walikwisha kutoka msikitini ndipo bodaboda ikaingia uani. Dada alishuka na tope mpaka magotini, kanga kaifunga kifuani kama alivyotoka shambani. Hakumsalimu mtu. Nikampisha, akafunuliwa uso wa kaka, akautazama.

"Alikufa saa ngapi?"

"Alfajiri, dada."

Akahesabu kimoyomoyo, nikamwona.

"Asubuhi yote nilikuwa napalilia, mdogo wangu. Nilikuwa naimba. Ndugu yangu kalala hapa, mimi naimba, na nyie wote mnajua."

Wanaume wakabisha hodi, wamchukue.