Nadine Tibbetts na Kiti cha Marehemu

Orrin Tibbetts alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yote yalihusu kuni. Zimekauka, hazijakauka, ziingizwe ndani, zitatosha mpaka Aprili. Mkewe Nadine aliishi naye miaka thelathini na minne akamzoea hivyo hivyo, kama unavyoizoea saa ya ukutani iliyosimama. Huitegemei kwa lolote, lakini ukuta bila hiyo utaonekana mtupu.

Kwa miaka kumi na minane katika hiyo, Orrin alikuwa mbunge. Usishtuke. Bunge la jimbo la New Hampshire lina watu mia nne, kila kimji kina wake, na mshahara ni dola mia moja kwa mwaka. Fundi bomba ni mbunge, mfuga nyuki ni mbunge, bibi mstaafu wa maktaba ni mbunge. Orrin alikuwa akifunga mkate wake na nyama kwenye karatasi, anawasha gari, anakwenda Concord lilipo bunge, jioni karudi. Nadine, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha basi la shule, humwuliza akimwekea chakula:

"Mmefanya nini leo?"

"Tumekaa," Orrin hujibu, kisha anatoka kutazama kuni.

Mwezi wa Oktoba moyo ulimsimama akiwa kwenye rundo la hizo hizo kuni, shoka mkononi. Akazikwa vizuri, watu wakaja, ukumbi wa kanisa ukajaa harufu ya maharage ya kuoka. Wabunge wenzake nao walikuja, magari sita. Mmoja wao, mama mnene wa koti la kijani, akamkumbatia Nadine huku akilia na kucheka kwa pamoja.

"Mimi ni Claudette Gauthier, nilikuwa nakaa kiti cha pembeni yake. Jamani, dada yangu! Nani atatuchekesha sasa? Mumeo alikuwa akianza hadithi zake pale kantini, watu wanashika mbavu. Siku moja nilitema supu!"

Nadine alidhani mama wa watu amekosea msiba. Akageuka kutazama jeneza kuhakikisha. Orrin? Hadithi? Huyu huyu aliyemaliza Krismasi mbili mfululizo kwa neno "ahsante" peke yake?

Claudette akaenda zake na koti lake la kijani, akamwachia Nadine mwiba. Usiku, mchana, kwenye basi, kwenye foleni ya posta, swali likawa moja: alikuwa akisema nini huko? Angeweza kumpigia mama yule simu. Lakini watu wa kule kaskazini wana kiburi chao kimya kimya. Kumwuliza mtu baki mume wako alikuwa mtu wa namna gani, kwao ni sawa na kutoka barabarani na nguo ya ndani. Nadine angekufa kwanza.

Mwaka ulipogeuka, wajumbe watatu wa halmashauri ya mji waliandika barua kwa gavana kuomba uchaguzi mdogo, maana kiti kilikuwa wazi na mji hauna msemaji. Gavana akakubali, ikapangwa Jumanne ya mwezi Machi. Hapo ndipo wanaume wawili wa chama cha Orrin walipopiga hodi kwa Nadine na keki ya dukani. Huo ndio utaratibu: mbunge akifa, chama humwendea mjane kwanza. Watakuambia ni heshima kwa marehemu. Ni kweli, na pia mabango ya zamani yenye jina la Tibbetts bado yapo ghalani na hayahitaji rangi mpya.

"Bi. Nadine, tunajua bado una majonzi," alianza mmoja, na kofia yake magotini. "Tungependa tu ufikirie. Usituambie leo."

"Nitasimama."

"Chukua hata wiki mbili, hakuna..."

"Nimesema nitasimama. Kata keki."

Wakatazamana. Mwingine akauliza kwa sauti ya kubembeleza angependa kupigania jambo gani hasa, kodi za nyumba, barabara, shule? Nadine akasema barabara, maana ndizo alizozijua shimo kwa shimo. Hakuwaambia la moyoni. La moyoni lilikuwa kwamba akikikalia kile kiti, hatahitaji kumwuliza mtu. Wataongea wenyewe. Atakaa kantini na supu yake, na yote yatakuja mezani bila yeye kujidhalilisha.

Mpinzani wake alikuwa Royce Chadbourne, fundi wa misumeno ya injini na magari ya kusukuma theluji, mwanamume wa miaka arobaini na sauti kubwa kama mashine zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na maoni juu ya kila kitu na alikupa bila kuombwa. Kwa wiki sita wale wawili walipita nyumba hadi nyumba kwenye theluji, mara nyingine wakikutana kwenye kibaraza kimoja.

"Wewe tangulia, mama," Royce husema. "Mimi nikishaingia hawatatamani kumsikia mtu mwingine."

"Watakuwa wamezibika masikio," Nadine humjibu, na kubonyeza kengele.

Na alipobonyeza kengele aliongea barabara, barabara tupu. Lakini kila mlango uliofunguliwa, jicho lake lilikuwa linatafuta. Aliwauliza kwa kuzunguka: mzee alipita hapa kuomba kura? Aliongea? Watu wakamwambia alisimama pale mlangoni, akasema "Ni mimi tena," akaondoka. Basi huyo ndiye Orrin aliyemjua. Yule wa Concord alikuwa nani?

Jumanne yenyewe theluji ilianguka tangu alfajiri. Saa mbili kamili asubuhi msimamizi wa uchaguzi, mzee Haskell, alifungua kisanduku cha mbao cha kura, akakionyesha kitupu kwa watu tisa waliokuwepo, akakifunga. Kina mama wa shule walikwishapanga meza yao ya donati na kahawa. Nadine alikuwa wa nne kwenye mstari. Akataja jina lake na mtaa wake kwa sauti, ingawa bibi mwenye daftari la wapiga kura alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, akapewa karatasi, akaingia nyuma ya pazia.

Majina mawili. Penseli imefungwa kwa uzi.

Sasa sikiliza. Katika mji ule, tangu enzi za babu zao, mtu aliyefunzwa adabu hajipigii kura. Ukigombea udhamini wa maktaba, unampigia mwenzako. Ukigombea usimamizi wa makaburi, vivyo hivyo. Kujipigia ni kama kupika pai, ukaipeleka kanisani, kisha ukawa wa kwanza kujikatia kipande. Mama yake Nadine aliwahi kukosa kiti cha bodi ya shule hivyo, na alijivunia mpaka kaburini. Nadine alitazama jina lake pale, akaona haya kabisa, peke yake nyuma ya pazia. Mkono ukaenda wenyewe. Akaweka alama kwa Chadbourne, akakunja karatasi, akatoka, akanunua donati mbili.

Jioni, milango ilipofungwa, walihesabu mbele ya watu. Mzee Haskell alisoma karatasi moja moja, wahesabuji wakichora mistari ubaoni. Wifi yake Nadine, Beryl, dada wa marehemu, alikuwa amesimama pembeni yake akimfinya mkono kila mstari ulipoongezeka. Mwishowe mzee akavua miwani.

"Chadbourne, mia mbili na kumi na tatu. Tibbetts, mia mbili na kumi na mbili."

Royce alipiga yowe moja, kisha akajistahi akaja kutoa mkono. Beryl hakuutazama huo mkono.

"Moja!" alifoka wakiwa maegeshoni, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari kama anayechuna mbuzi. "Kura moja, wifi! Kuna mjinga mmoja katika mji huu, na nitamjua. Ni yule Elwood wa petroli. Uso tu unamwonyesha."

"Si Elwood."

"Basi ni mkewe."

"Beryl. Ni mimi."

Kikwanguo kikasimama. "Wewe nini?"

"Nilimpigia Royce."

"Kwa nini, mtu wa Mungu?"

"Mtu hajipigii kura."

Beryl alijipangusa theluji kwenye kofia. "Wifi," alisema polepole kama anayeongea na mgonjwa, "na Royce alimpigia nani?"

"Sijui."

Royce alikuwa anapita na mkewe. Beryl akamwita bila aibu. "Wee Royce! Leo umempigia nani?"

"Mimi?" Royce alishangaa kweli. "Nimejipigia mwenyewe. Kwani nilisimama kwenye baridi wiki sita ili nimpigie nani?"

Beryl akamgeukia wifi yake. Alifungua mlango wa gari, akaingia, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, na honi ikalia.

Siku mbili Nadine aliendesha basi lake kama kawaida. Si aibu ya kushindwa iliyomsumbua. Mlango aliokuwa ameushika kwa mkono wake alikuwa ameufunga kwa mkono huo huo, kwa adabu. Siku ya tatu akaandika kuomba kura zihesabiwe upya, haki yake kisheria. Beryl alifurahi, akidhani kuna matumaini.

"Hakuna," Nadine alimwambia. "Wanahesabia Concord."

Walihesabu Jumatano ya wiki iliyofuata, asubuhi, katika chumba kimoja cha ofisi za jimbo, wagombea wote wawili wamekaa mezani na haki ya kuona kila karatasi. Nadine aliijua yake ilipotokea: alama ya penseli iliyokolezwa vizuri, bila kutoka nje ya mstari hata kidogo.

"Chadbourne," akasema ofisa.

"Huyu mpiga kura ni nadhifu," Royce akasema kwa kuridhika.

"Ndiyo, mjinga nadhifu," Nadine akajibu. Royce akamtazama, akaitazama karatasi, akaelewa. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakuwa na maoni.

Idadi ikabaki ile ile. Wakapeana mikono, ofisa akafunga sanduku, ikaisha. Nadine alivaa koti lake. Gari lilikuwa kushoto, jengo la bunge kulia, ng'ambo ya barabara, na ilikuwa saa ya chakula. Alisimama kwenye ngazi na glavu zake mkononi. Kiti hakuna tena. Aliyebaki ni yeye na swali lake, na swali la namna hiyo halijibiwi mpaka liulizwe. Akavuka barabara, uso ukimwaka kama mtu anayekwenda kuiba.

Kantini ilikuwa chini kabisa, ina kelele na mvuke wa supu. Koti la kijani lilikuwa limetundikwa kwenye kiti. Claudette alikuwa katikati ya meza ndefu.

"Bi. Gauthier," Nadine alisema. "Nimekuja kuuliza. Mume wangu alikuwa akiwaambia nini?"

Claudette akaweka kijiko.

"Dada yangu, hujui? Alikuwa akituambia habari zako."

"Zangu?"

"Kila Jumatano! Tunamwuliza, 'Orrin, Nadine kafanya nini wiki hii?' Sisi tunakujua kuliko mabosi wetu. Kaa, kaa. Msogezeeni kiti. Huyu ndiye Nadine!" Na watu wakageuka kutoka meza za nyuma kumwangalia, mzee mmoja hata akasimama kuona vizuri.

"Yule wa musi!" alisema mzee, kwa maana ya wale kulungu wakubwa wa misitu ya kule.

"Yule mwenyewe! Basi lilikuwa limejaa watoto, musi dume kasimama katikati ya barabara, mrefu kuliko farasi, pembe kama milango miwili. Kila dereva anarudi nyuma. Wewe ukashuka, ukamkazia macho, ukamwambia, 'Watoto hawa wana mtihani wa hesabu.' Musi akainama, akaomba radhi, akakuonyesha njia ya mkato!"

Meza ikaangua kicheko. Nadine alikuwa amekaa wima, mikono kwenye mkoba. Kwa hiyo ndiko yalikokuwa yakienda, maneno yote ya nyumba ile. Jumatano hadi Jumatano alikuwa ameketi jikoni akimsimulia Orrin siku yake, akidhani anaongea na rundo la kuni, kumbe mwenzake anafungasha kila kitu pamoja na mkate na nyama. Alitaka kumkasirikia. Alitaka awe hai dakika tano tu ili amkasirikie vizuri.

"Uongo mtupu," alisema, na kicheko kikakatika. "Kwanza alikuwa jike, hana pembe hata moja. Pili, sikushuka. Nilifungua dirisha. Na haukuwa mtihani wa hesabu."

Mlangoni Royce Chadbourne alikuwa amesimama na kofia mkononi, hajui akae wapi. Claudette akamsukumia Nadine bakuli la supu.

"Enhe," akasema, akisogeza kiti chake karibu. "Ulipofungua dirisha, ikawaje?"

Nadine akavua koti.