Mlio wa Mtoto wa Paa

Jirani yangu wa chini, Mkongo anayesafisha mabasi hapa Woolwich, alirudia uwindaji wa ujana wake mwaka 2003, binti yake aliyebaki kwao Uvira aliponyimwa visa mara ya pili. Bunduki hana, na paa hawapo. Kila jioni akitoka kazini husimama penye mapipa ya taka, akabana pua kwa vidole vilivyobabuka kwa dawa za kusafishia, akalia kama mtoto wa paa aliyenaswa. Kwao, anasema, mama paa akiusikia mlio huo huja mwenyewe mpaka mbele ya bunduki. Lakini koo limesahau. Sauti hukatika katikati, naye hutema mate na kuanza upya kama mwanafunzi, huku Mwingereza wa juu akifunga dirisha kwa kishindo. Mimi nilikuwa nikimcheka, Mungu anisamehe, mpaka Jumamosi moja mbweha jike alipotokea nyuma ya mapipa, chuchu zimemvimba, akasimama hatua mbili mbele yake, amesimamisha masikio. Jirani yangu aliachia pua. Alimtazama kwa hasira, kana kwamba aliyedanganywa ni yeye, si mbweha.

“Mama, rudia kwako,” akamwambia. “Mutoto hayuko huku.”