Nilivyofuta nyumba ya mama kwenye ramani ya kijiji (kwa nyinyi mnaosita ku-volunteer)

Wakuu, heshima kwenu wote, wakubwa kwa wadogo.

Wiki hii nimeona hapa jukwaani uzi wa yule ndugu anayetafuta watu wa kuchora ile ramani ya online, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuongeza barabara ama duka ya kwao. Nikaona pia majibu yenu. "Nitalipwa?" "Hiyo ni kazi ya serikali." "Mimi sijasoma mambo ya ramani."

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Wacha niwape kisa yangu. Sitaongeza chumvi, kwa sababu mjinga wa hii story ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu nyuma ya Sosiot. Nilikuwa nimemaliza Form Four na geography nilikuwa nimepata alama ambayo tukiachana nayo itakuwa vizuri. Lakini kwenye ridge yetu, ule mgongo wa mlima tunaoishi, mimi ndiye nilikuwa nimeshika atlas mara nyingi kuliko wengine, kwa hivyo nilikuwa profesa.

Shida yetu ilikuwa moja. Buying centre, pale majani chai inapimwa na kupakiwa kwa lori, ilikuwa mbali sana. Mama yangu alikuwa anachuma kutoka asubuhi, anabeba kikapu mgongoni, anashuka mpaka kwa mto, anavuka kwa mawe, anapanda mlima wa upande ule, halafu bado anatembea. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kukataa. Baba alikuwa anafanya kazi mbali, kwa estate ya chai ya kampuni, nyumbani ni mwisho wa mwezi. Kwa hivyo kikapu ilikuwa ya mama.

Siku moja field officer wa kiwanda cha chai akakuja kwa kanisa akasema kituo kipya kitajengwa. Akasema hivi: "Nyinyi wenyewe mnichoree ramani. Mnionyeshe kila boma inayochuma chai na kila njia. Penye nyumba ni nyingi, hapo ndipo nitaweka kituo."

Akauliza nani atasimamia. Watu wakaniangalia. Nikasimama pole pole kama mtu anayelazimishwa, na moyoni nilikuwa nishavaa tai.

Sasa, kutafuta volunteers. Jumapili ya kwanza nilitangaza vizuri, nikasema maendeleo, nikasema umoja. Watu watatu wakakuja. Mmoja alikuwa amebeba vyeti vyake kwa bahasha kwa sababu alisikia kuna interview.

Jumapili ya pili nikabadilisha siasa. Nikasema tu: "Hakuna neno. Asiyekuja, jirani yake atamchorea mpaka."

Wueh! Jumamosi hakukuwa na mahali pa kukaa. Wazee ambao sikuwahi kuwaona wakiharakisha walifika kabla yangu.

(Huyo ndugu wa ramani ya online achukue hiyo mbinu. Ni ya bure.)

Tuligundisha manila paper sita kwa uji wa unga, tukatandaza kwa nyasi nje ya kwetu. Kila mtu na penseli. Kuna mzee alichora choo yake kubwa kuliko shule ya msingi, kwa sababu choo ilikuwa na mabati mpya. Mwingine akachora daraja. Nikamwambia daraja haipo. Akaniambia mheshimiwa aliahidi, na mimi ni nani wa kubishana na mheshimiwa. Ikabidi tuiweke na dots.

Upande wa pili wa mto walikuwa majirani waliotoka Kisii, watu walionunua vipande vyao kila mtu na yake. Wao waliongozwa na Mzee Ombati. Hao hawakuwa na mchezo. Kila mtu alichora nyumba yake, jikoni yake, laini zake za chai, akaandika jina, akaenda zake.

Upande wetu sasa ndipo kulikuwa na kazi.

Kwa wale hawajui mambo ya kwetu: shamba ni ya mzee mpaka siku atakapozikwa. Ridge yetu yote ilikuwa ya babu yangu, kugo kama tunavyomwita. Wanawe wameoa, wamejenga, wamepanda chai, nyumba kumi na moja zinatoa moshi kila asubuhi. Lakini majani yote yalipimwa kwa namba moja ya mkulima, ile ya kugo. Na hakuna mtu mwenye adabu anaweza kuchora nyumba yake peke yake na mstari pembeni wakati mzee bado anapumua. Ni kama kumwambia amechelewa.

Kwa hivyo baba wakubwa na baba wadogo wote waliinama juu ya karatasi, wakachora boma moja kubwa katikati, wakaandika jina la kugo. Wakarudi nyuma wakaangalia kazi yao, wakaridhika.

Mtu mmoja tu alikuwa ameshachora. Mama.

Alikuja mapema kabla ya wengine. Hakuwa anajua kuandika, lakini alichora nyumba yetu, na mlango, halafu akachora njia yake ya majani mpaka kwa mto. Aliweka alama kila mahali anapopumzika. Aliweka mistari pale penye utelezi. Wakuu, nimeona ramani nyingi tangu hapo. Sijaona ingine ambayo unaweza kuisoma na goti.

Baba mdogo mmoja akaiona. Akakohoa. Akauliza, na sauti ya chini kabisa, "Huyu amesha-divide shamba?"

Watu wakaangalia chini. Mimi, mkubwa wa ramani, nikasikia aibu. Nikachukua rubber nikafuta nyumba ya mama. Nikafuta na njia, kwa sababu njia isiyo na nyumba ingeleta maswali.

Hakuna mtu alinilazimisha. Hiyo muandike vizuri.

Baada ya wiki mbili field officer akabandika ramani kwa ukuta wa kanisa. Akaisifu sana, hata akasema niko na kipaji. Halafu akachukua biro akaanza kuhesabu. Upande wa kina Ombati, nyumba, nyumba, nyumba. Akavuka mto kwa kidole. Upande wetu, moja.

Kituo kikaenda ng'ambo. Kwa haki kabisa, na kwa ramani yangu.

Kugo alikuwa amekaa mbele. Macho yake hayakuwa yanaona vizuri siku hizo. Akaniita.

"Ridge yetu iko na nyumba ngapi hapo?"

"Moja, kugo."

"Na hawa wengine wote wanalala wapi?"

Kanisa ikacheka. Yeye hakucheka. Akageukia wanawe, akauliza, "Ni nani aliwaambia mimi sitaki kuwaona?"

Tulikuwa tumemheshimu mzee mpaka tukamuacha peke yake kwa mlima.

Tulijaribu kumwambia officer ukweli. Akasema ukweli ulipaswa kuwa kwa karatasi, na mbao za kituo zimeshakuja. Ombati, Mungu ambariki, aliuliza kama kituo kinaweza kusongeshwa karibu na mto kidogo. Kikasongeshwa kidogo. Mto ukabaki mahali pake.

Mama aliendelea kuvuka. Mimi nilimbebea kikapu mpaka nilipopata kazi, na sikuwahi kumwambia kwa nini nilikuwa mtoto mzuri ghafla hivyo.

Juzi nilikuwa nyumbani. Mama sasa ni mzee, goti lilishaisha, anatembea na fimbo kutoka jikoni mpaka kwa ng'ombe. Nilikuwa namwonyesha hiyo ramani ya online kwa simu. Sosiot iko. Lami iko. Ridge yetu ni rangi ya kijani tu, kama hakujawahi kuishi mtu.

Nikaona bora niseme. Nikamwambia, mama, ile ramani ya zamani, ulikuwa umechora nyumba. Ni mimi nilifuta.

Akasema, "Najua. Nilikuwa nyuma yako na birika ya chai."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu miaka hii yote.

"Ulikuwa unafuta vizuri sana. Ukapuliza hata na ile vumbi. Nikafikiria labda ndivyo mlifundishwa shule."

Wakuu, mimi ni mtu mzima, niko na watoto. Nililia pale jikoni na sikujificha.

Halafu akaniambia niweke sasa. Tukaweka. Nyumba yake kwanza, halafu njia, akinionyesha na fimbo penye alikuwa anapumzika. Tulipomaliza akaangalia simu kwa muda mrefu, akauliza:

"Sasa lori itapita huku?"

Hilo ndilo somo langu, na nimechelewa nalo. Ramani haiharibiwi na mtu ambaye hajasoma. Inaharibiwa na sisi wenye adabu, tunaongoja mwingine atuchore, ama tunaofuta wale waliothubutu. Usiulize kama utalipwa. Uliza ni nani anatembea sana kwa sababu hauko kwa ramani.

Haya, nimemaliza, nitukaneni nikiwa nimekaa. Na ukishanitukana, andika hapo chini kwenu ni wapi na ni nyumba ya nani haionekani. Watu wa Soin na Bomet, nimeangalia kwenu pia. Ni kijani tu.