Beji Iliyofumuliwa kwenye Koti la Kapteni

Siku ambayo hainitoki akilini, mwanangu, ni ile nguo za Kapteni Ouma zilipogawanywa kule Kisegi. Nilikuwa kijana wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, nikawa leo Ntimaru, kesho Homa Bay, popote palipo na kitu nisichokijua. Kabla ya hapo niliwahi kuishi na fundi aliyeshona sare za wanajeshi, na kwake nikajifunza kusoma beji.

Kapteni alikuwa ameugua akafa. Mimi nilisaidia kuchota maji ya matanga, kwa hiyo nilikuwepo ndugu walipoketi kugawana nguo zake, kama ilivyo desturi ya Waluo. Binamu yake, Odhiambo, akainua koti la jeshi.

"Hili nipeni mimi, nivae nikienda ziwani. Karani wa stoo huyu! Vita aliona kwa televisheni tu."

Watu wakacheka. Mama wa marehemu hakucheka, wala hakubisha. Ouma mwenyewe ndiye aliyewaambia kwamba kazi yake ni kuhesabu magunia ya mchele.

Mimi nilitaka tu kujua. Nikalishika koti. "Nyota hizi tatu za begani ni za ukapteni," nikasema. "Na mabawa haya ya kifuani ni ya mtu aliyeruka kwa parachuti." Nikageuza mkono wa kulia. Kitambaa kilikuwa kimepauka kote, isipokuwa kipande kimoja chenye umbo la ngao, bado kijani, kimezungukwa na matundu ya sindano. Beji za umbo lile nilizishona nyingi kwa fundi. "Hapa palikuwa na beji ya waliopelekwa vitani nje ya nchi. Imefumuliwa."

"Nani alifumua?" Odhiambo akauliza. Kicheko kilikuwa kimemkauka.

Mama akaweka kidole pale palipokuwa kijani. "Likizo moja aliniomba wembe. Nikadhani anakata uzi wa kifungo." Akayapapasa yale matundu ya sindano. "Kumbe ndiyo sababu nilikuwa nikilala usingizi, yeye akiwa vitani."

Akalikunja koti, akaliweka mapajani. Hakuna aliyeliomba tena.

Babu yake Ouma akanifuata nje. "Omera, ndugu yangu, umesoma vizuri. Lakini yule mtoto aliketi na wembe akaitoa, mama yake asijue. Wewe umeirudisha mbele ya kila mtu. Ulishindwa kumwita mama kando?"

Swali lake nalipima hadi leo. Odhiambo alistahili kunyamazishwa. Mama hakustahili kuambiwa vile.

Mwanangu, udadisi usiuache. Mimi mwenyewe sijauacha. Beji iliyoshonwa isome kwa sauti, maana mwenyewe aliivaa ionekane. Ile iliyofumuliwa, jiulize kwanza ilifumuliwa kwa ajili ya nani, kisha umtafute huyo akiwa peke yake.

Mungu akupe macho makali na ulimi wa taratibu. Na kila utakaporudi kutoka mbali, umkute anayekungoja amelala vizuri.