Sauti ya mume wangu imeacha kuja, sasa ni meseji tu

Sasa hivi mwanangu amechukua simu kitandani, akabonyeza bonyeza, ikatoka sauti ya zamani ya baba yake: "Mama Neema, hamjambo huko?" Mama mkwe akatoka jikoni mbio na mwiko wenye ugali, akidhani amepiga. Kuona ni rekodi, akarudi jikoni. Nimeona niandike tu.

Admin naomba unifiche, hata majina nimebadilisha. Nina miaka 23, nimeishia darasa la saba, naishi kwa wakwe zangu huku Hanang. Huyu mtoto, Eliya, ni wa pili. Neema wetu alifariki kwa homa nikiwa na mimba ya huyu.

Kwetu ukifiwa na mtoto mnatengwa. Hamwingii kwa watu, hamli nao, mpaka wazee waseme mmetoka. Sisi ni Wakristo ila hilo bado linashikwa. Tulipotoka, mume wangu akaenda kuvunia jirani mahindi kama zamani. Wenzake wakanywa togwa kwa kupokezana kata moja, yeye akaletewa kikombe cha peke yake. Alirudi akaniambia, "Mama Neema, mimi hapa nimeshakuwa mzimu."

Baadaye alikutana na mtu mjini Katesh anayetafuta vijana wa kujitolea jeshi la nje. Akaenda. Nililia, lakini wapendwa, sauti alizonitumia mwanzoni zilinifariji. Alikuwa anacheka! "Huku tunakula sufuria moja. Karibu kila mtu amefiwa. Hakuna anayeniogopa, wananiita kaka." Kila mara alianza kwa kuagiza, "Mpe mama shikamoo yangu." Nikasema Mungu amempa ndugu.

Halafu sauti zikakatika. Zikaja meseji za kuandika tu. Shikamoo ya mama hakuna. Mimi naitwa "mke wangu", wakati tangu Neema azaliwe hajawahi kuniita hivyo. Nikiomba anitumie hata sauti fupi anajibu haziruhusiwi. Na kila meseji inaishia pale pale: mdogo wake aje, nafasi ipo, awahi.

Nikamtega. Nikaandika, "Nataka kupanda maua kwa Neema, nikumbushe, tulimlaza upande gani wa nyumba?" Kaburi alichimba mwenyewe. Akajibu, "Mke wangu, ya huzuni tuyaache. Mwambie mdogo wangu awahi."

Nilimwonyesha shemeji, huyo mdogo wake. Akacheka, "Shemeji, wewe ungefaa upelelezi! Kaka amechoka kulia, basi." Mama mkwe akanigeukia, "Mwenzio kapona, wewe unamtonesha kidonda. Au unataka bahati ya mwanangu uile peke yako?"

Na huenda wanasema kweli. Mimi mwenyewe naomba iwe kweli, awe amepata watu hadi maumivu yamemwisha, hata kama na mimi nimesahaulika kidogo. Nitamsamehe. Ila usiku nikizisoma zile meseji naona kama kuna mtu mwingine ameshika simu yake. Na kama ni mwingine, yeye yuko wapi?

Shemeji anaondoka kesho alfajiri. Begi liko mlangoni. Yule mtu wa Katesh nilimuuliza kwa heshima zote, nikaanza na shikamoo, nikamwomba nimsikie mume wangu dakika moja tu. Akasema, "Dada, wanawake wenye maswali mengi ndio wanaoharibia wanaume maisha." Akaondoka hata chai hajamaliza.

Nikinyamaza akaenda akapotea, nitamwangaliaje huyu mama aliyebaki na wana wawili tu? Nikisema mbele ya watu, ni kama namtangazia msiba wa mwanae bila ushahidi, na kwetu neno hilo halirudi. Hapa sitakaa tena. Nishaurini jamani, hasa mliopitia, nifanye nini? Jibuni leo, kesho ni mbali. Wazee wameshafika kumwombea shemeji safari, mama mkwe ananiita, "Mama Eliya, njoo, tunakusubiri wewe tu!" Naenda, na nikifika pale nafikiri nitamwambia shemeji mbele yao wote kwamba anayemwita hajui hata kaburi la Neema liko upande gani.