Kivumbasha cha Dirishani

Siku ya arubaini na moja ya eda yangu, wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, aliingia uani na panga. Alikuja kukata kivumbasha.

Ni kichaka tu, chenye vishada vya maua madogo meupe, kimesimama chini ya dirisha la chumba changu. Ukikigusa kinanukia kama limau lililokatwa sasa hivi. Matawi tuliyaweka mlangoni kufukuza mbu. Majani tuliyachemsha tukamfukiza mwenye mafua, na yaliyokauka niliyatia katika sanduku la nguo.

Tangu mume wangu afariki, nilikuwa nimefuata kila kitu. Udi sikufukiza, manukato sikujipaka, sanduku lile sikulifungua. Lakini wifi alishikilia kwamba harufu inaingia chumbani nami nalala humo.

"Mwenye eda hanukii," alisema.

"Sinukii mimi, wifi. Kinanukia chenyewe."

"Ndiyo maana nakikata."

"Na karafuu ulizoanika mlangoni pangu, hizo zinanukia nini? Ugali?"

Majamvi yake mawili yalikuwa yametandazwa pale tangu asubuhi. Wifi alitoa simu, akampigia shehe wa msikiti wetu, akaongeza sauti ya simu ili nisikie aibu yangu.

"Amejipaka?" shehe aliuliza.

"Hajajipaka, Shehe, lakini upepo ukivuma..."

"Basi uzuie upepo, Bi. Mti uacheni. Asijipake tu."

Wifi alikata simu, ila panga hakuliweka chini. Alisema shehe hajakiona kichaka kilivyo kikubwa, na tena nyumba hii ni ya ndugu yake.

Nilitoka nikasimama mbele yake. Nilimwambia nyumba ni ya ndugu yake, kichaka nilikipanda mimi. Nikainama nikakishika chini kabisa, penye shina, nisiguse hata jani moja.

"Haya. Anza na mkono huu."

Tulitazamana mpaka magoti yakaniuma. Mwishowe alisonya, akaenda kugeuza karafuu zake.

Nilinawa mikono, nikaingia chumbani. Kitanda kilikuwa kwenye ukuta wa pili, nami nilikivuta peke yangu, miguu yake ikikwaruza sakafu, mpaka chini ya dirisha. Nikafungua mbao zote mbili za dirisha.

"Unafanya makusudi!" wifi alipiga kelele kutoka nje.

"Naam, wifi," nilimjibu. "Makusudi."